Utamu Usio na Sukari

Watu wa duka lile la mikate walikuwa na tabia moja: hakuna aliyepita kando ya donge la unga bila kulitia kidole. Ukipita na ndoo ya maji, unalibonyeza. Ukitoka kufungua mlango, unalibonyeza ukirudi. Kidole kikiona limelegea, mkono unachota unga kidogo. Kikiona limekaza, unanyunyizia maji. Huulizi, huombi ruhusa, humwambii mtu. Unarekebisha, unapita zako. Na mikate ilitoka mizuri, watu wakapanga foleni dirishani hata siku za mvua.

Aliyeipigia kelele tabia hiyo ni mmoja tu, mke wa mwokaji. Huyo alikuwa na stashahada ya chuo cha mapishi, na wenzake walivyokuja kwa waume zao na masanduku ya nguo, yeye alikuja na mizani. Chumvi alipima, hamira alipima, maji alipima. Nyumba nzima ikamwita Mama Gramu, na jina likamkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kichwa chake. Lakini hata yeye, akidhani hakuna macho, alikuwa akilibonyeza donge na kuliongezea unga. Ukikaa na watu muda mrefu, mikono yao inakuwa yako.

Walikuwa wanne katika kazi hiyo. Mumewe alikuwa tanurini, mwanamume wa mabega mapana na sauti ya kuamsha mtaa wa pili. Mama mkwe alikuwa amestaafu kwa mdomo tu. Kila asubuhi alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, anaviringa skonzi na kuwakosoa wenye nguvu. Wifi, dada wa mume, aliuza dirishani, na kwa kila mkate aliotoa alipokea habari mbili.

Siku mume alipopimwa na kuambiwa ana presha, nyumba yote ilipimwa naye. Daktari alimwandikia vidonge, akamwambia apunguze chumvi, na sukari aiage, maana nayo ilikuwa imeanza kunyemelea. Mwokaji kuambiwa aache sukari! Alirudi nyumbani amenuna kama mtoto aliyepelekwa kuoga.

"Vidonge peke yake havitoshi," alisema mama mkwe. "Damu yataka kusafishwa. Nitampikia chai yangu."

"Mama, ya nini na nini?" aliuliza Mama Gramu.

"Tangawizi na mchaichai. Ulidhani nitamchemshia misumari?"

Mama Gramu hakuona ubaya. Tangawizi ni tangawizi. Akaacha birika kubwa likae kando ya tanuri, mahali penye joto, na mumewe akaamriwa anywe kikombe asubuhi na kikombe mchana. Alikunywa siku za kwanza huku amekunja uso. Kisha Mama Gramu akamkuta nyuma ya duka anamwaga kikombe kwenye mtaro.

"Inawasha," mume alijitetea. "Na haina sukari. Nimekosa nini mimi, mke wangu, hata nihukumiwe hivi?"

Mkewe alimpokonya kikombe, akarudi ndani. Lakini wiki iliyofuata ugomvi wa chai uliisha wenyewe. Mume alikunywa bila kusukumwa. Alikunywa, akaongeza, akalamba mdomo. Ilifika mahali birika likikauka alikuwa wa kwanza kuuliza, na kwa kuwa tanuri hukausha koo, chai ile ikawa ndiyo maji yake. Mama mkwe alitembea kifua mbele.

"Mnaona? Mwili wenyewe unajua unachotaka."

Mwili ulijua, ila presha haikuambiwa. Ilipanda. Daktari akaongeza dozi, ikapanda. Akabadilisha kidonge, akampa cha kupunguza maji mwilini, na bado ikapanda. Vifundo vya miguu vilivimba hata soksi zikawa zinaacha mitaro. Mikono iliyokuwa ikitoa trei mbili kwa mara moja ilianza kutetemeka kwa moja. Alipanda ngazi tatu za stoo akaketi juu ya gunia la unga kupumzika, na hakutania mtu. Hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko namba za presha. Mumewe kunyamaza! Mtu ambaye hata akiwa na jino bovu alikuwa akisimulia vichekesho upande mmoja wa mdomo.

Daktari alisema waziwazi: hali ikiendelea hivi, kiharusi hakiko mbali, na kazi ya tanuri itabidi aiache.

Njiani kurudi Mama Gramu alitembea hatua mbili mbele ya mumewe. Alikuwa na hasira, na mtu mwenye woga mwingi mara nyingi huonekana mwenye hasira. Kwanza alimshuku mumewe. Akawa anamsimamia kumeza vidonge na kumwamuru afungue mdomo. Kisha akashuku chumvi, akaanza kumwokea mkate wake peke yake. Kisha akamshuku wifi, kwa kuwa wifi alikuwa na moyo laini na huenda alikuwa akimpa kaka yake vitu kwa siri. Wifi aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa.

Vidonge vilipokaribia kuisha, Mama Gramu alimshika mumewe mkono wakaenda duka la dawa la pale kona. Ilikuwa mchana, mikate imekwisha kutoka, mtaa umetulia. Mfamasia alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, sauti yake ya chini. Alimketisha mgonjwa, akamwacha apumue, akampima. Akampima tena mkono wa pili. Hakupenda alichokiona.

"Vidonge anameza?"

"Mbele ya macho yangu," alisema Mama Gramu. "Na mdomo anafungua nikague."

"Na ulimi nainua," mume alisema kwa unyonge. "Kama ng'ombe mnadani."

"Chumvi?"

"Namwokea mkate wake, chumvi nusu."

"Unatafuna gunia," mume alieleza.

Mfamasia alitabasamu kidogo. "Kuna kitu kingine anachotumia?"

"Hakuna," alijibu Mama Gramu papo hapo.

Mtu mwingine angeridhika, angefunga vidonge kwenye bahasha na kuita anayefuata. Mfamasia hakuridhika.

"Simaanishi dawa tu, dada yangu. Chai, supu, majani, unga wa kukoroga kwenye maji, mafuta ya kunywa. Chochote kinachoingia mdomoni kwa ajili ya afya."

"Ipo chai ya mama," alisema mume. "Tangawizi na mchaichai. Ya kusafisha damu."

"Kwa kiasi cha jikoni sina ugomvi nayo. Unakunywa kiasi gani?"

"Ninavyotaka. Birika liko pale kando yangu. Ndiyo maji yangu siku hizi."

Kalamu ya mfamasia ikasimama. "Tangawizi inawasha, baba. Nani anayekunywa tangawizi badala ya maji?"

"Hii haiwashi sana. Hii tamu."

"Mnatia sukari?"

"Sukari nimekatazwa!" Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti ya mume ilipanda, tena kwa fahari. "Hata punje. Tamu hivyo hivyo."

Mfamasia alivua miwani. "Utamu unatoka wapi?"

Swali lilikuwa dogo, lakini Mama Gramu alihisi joto linamtambaa toka shingoni mpaka masikioni. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Akakohoa, akasema.

"Ni mimi. Niliweka mzizi mtamu. Ile mizizi ya kutafuna, ya njano ndani. Alikuwa anamwaga chai ya mama mtaroni, na mwuza viungo akaniambia mzizi ule unatia utamu bila sukari. Nikaona ni njia ya amani. Niliweka kidogo tu."

"Kidogo ni gramu ngapi?"

Mama Gramu alitazama viganja vyake, kana kwamba kipimo kimeandikwa hapo.

Mume aliangua kicheko. Alicheka, akakohoa, akajishika kiti. "Mungu yupo! Mke wangu kaulizwa gramu! Dada, rudia, nataka nisikie tena."

"Nyamaza wewe," alisema mkewe, lakini machozi yalikuwa yamemfika. Hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu.

Mfamasia hakucheka. Alieleza taratibu, bila kumkaripia mtu. Mzizi ule si sumu, alisema. Watu wanautafuna kwa kikohozi na kwa tumbo, tangu zamani. Lakini mtu akinywa maji yake mengi kila siku, mwili unaanza kushika chumvi na maji, na kumwaga madini ya potasiamu. Hapo presha inapanda, miguu inavimba, misuli inalegea, na moyo wenyewe unaweza kupoteza mwendo wake. "Na kidonge hiki kipya cha kupunguza maji nacho kinatoa potasiamu kwenye mkojo. Kwa hiyo wako wawili wanakomba chungu kimoja."

"Lakini mimi niliweka vipande vichache tu," alisema Mama Gramu. "Kweli vinatosha kumfanya hivi?"

"Inategemea. Nani mwingine analigusa birika hilo?"

Mama Gramu alifumba macho. Alikuwa ameona kidole, kidole cha kila mpita njia katika nyumba ile, kikibonyeza donge, na mkono ukichota unga bila kumwambia mtu.

Mfamasia alimpigia daktari simu pale pale, akamsimulia. Kisha akawapa maagizo mafupi: chai isimamishwe leo, vidonge visiachwe wala kubadilishwa mpaka daktari aseme, na mgonjwa aende sasa hivi akatolewe damu ipimwe potasiamu. "Si kesho. Sasa hivi."

Wakaenda. Damu ikatolewa. Majibu yakaja kabla jua halijazama: potasiamu ilikuwa chini sana. Daktari alimlaza mume akatundikiwa dripu na moyo wake ukaangaliwa kwenye mashine. Mama Gramu aliona mstari wa moyo unavyorukaruka pale kwenye kioo, akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu.

"Nenda nyumbani," mume alimwambia. "Nenda kaone birika. Mimi hapa nina wauguzi, hakuna anayenifungua mdomo."

Mama Gramu alimkuta mama mkwe jikoni nyuma ya duka, na wifi anafuta meza. Akawaambia yote bila kupamba, kama alivyozoea, na hilo lilikuwa kosa. Mama mkwe alisimama.

"Yaani mimi ndiye ninayemuua mwanangu?"

"Sikusema hivyo, mama. Nimesema mimi niliweka mzizi."

"Umesema chai yangu!"

"Chai ni yako, mzizi ni wangu. Nataka kujua kilichomo."

"Tangawizi na mchaichai, nimekwisha kukwambia. Nitaapa."

"Usiape mama," alisema wifi ghafla, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu. "Usiape kwanza."

Mama Gramu alichukua chujio kubwa la unga, akalitega juu ya beseni, akaligeuza birika. Maji yalipita, mabaki yakabaki, na wote watatu wakainama juu yake. Tangawizi ilikuwapo. Mchaichai ulikuwapo. Na mizizi ilikuwapo, mizizi mingi, imevimba kwa maji, lundo la kujaza bakuli.

Hapakuwa na haja ya kuulizana. Watu wanaofanya kazi ya mikono pamoja wanajuana kwa mikato. Kulikuwa na vipande vyembamba vilivyokatwa kwa kisu cha mkate, vyote sawasawa. Hivyo vilikuwa vya Mama Gramu, hata kipofu angejua. Kulikuwa na vijiti vilivyovunjwa kwa mkono, virefu na vifupi, kazi ya mtu mwenye haraka ya kurudi dirishani. Na kulikuwa na mizizi iliyopondwa kwenye kinu, imechanika nyuzi nyuzi, kama mama mkwe alivyoponda kila kitu maishani mwake.

Wifi aliweka chini kitambaa chake.

"Alikuwa anakunja uso," alisema mama mkwe hatimaye. "Mtoto wangu anakunywa huku amekunja uso. Nikaona nimtilie kitu cha kumfariji. Nikaja nikaonja siku nyingine, nikaona haijakolea, nikaongeza."

"Mimi alinililia," alisema wifi. "Kaka alinililia dirishani, dada nitiliemo hata kijiko cha sukari. Nikamwonea huruma. Nikaona mzizi ule wa mwuza viungo ni bora kuliko sukari. Na kila nikionja naona inapungua, naongeza."

"Na mimi nikionja," alisema Mama Gramu, "nilidhani ni mzizi wangu unaofanya kazi vizuri."

Wakatazamana. Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha pembeni, cha mtu anayejua si mahali pake. Kisha mama mkwe akaketi kwenye kiti chake, akajifunika uso kwa kanga yake, na mabega yakawa yanatikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama anacheka au analia. Mama Gramu alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi.

"Mama, hakuna aliyemuua mtu. Mwanao yuko hai. Tulimpenda sote kwa wakati mmoja bila kuulizana, basi. Kesho tutampenda kwa zamu."

"Ulimi wako huo," alisema mama mkwe ndani ya kanga. "Hata ukiomba radhi unachoma." Lakini mkono wake ulitoka, ukamshika mkwewe kichwani, ukakaa hapo.

Jioni ile mama mkwe alifungua kabati lake mwenyewe bila kuombwa. Alitoa chupa ya unga wa kijivu aliyouziwa na mchuuzi mmoja, haina jina, haina maelezo, aliambiwa tu inatibu magonjwa yote. "Na hii muulizeni yule dada wa dawa," alisema. Yule dada wa dawa aliitazama chupa, akasema hata yeye hawezi kujua kilichomo, na kitu kinachotibu magonjwa yote afadhali kisimtibu mtu yeyote. Ikabaki kwake ikaharibiwe.

Mume alitoka hospitali amepewa potasiamu, na kidonge kimebadilishwa. Presha haikushuka siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa amewaonya kwamba mzizi ule hauondoki mwilini kwa haraka, wawe na subira. Wakawa nayo. Vifundo vya miguu vikaanza kuonekana tena. Vicheko vikarudi kabla ya nguvu, na nguvu zikafuata polepole. Kila alipopimwa, namba ilikuwa imeshuka ngazi, mpaka daktari mwenyewe akapunguza dozi.

Chai haikupigwa marufuku. Mama Gramu alidhani itapigwa, na moyoni alikuwa tayari kulitupa birika jalalani, lakini daktari na mfamasia walisema kikombe cha tangawizi na mchaichai hakimdhuru, mradi kijulikane kilichomo, kisichukue nafasi ya vidonge, na kitajwe kila anapokwenda kliniki. Sheria ya nyumba ikawa moja: chai inapikwa na mama mkwe peke yake, na asiye mama mkwe akisogelea birika anapigwa kofi la mkono. Mama mkwe aliitekeleza sheria hiyo kwa furaha isiyo na kifani. Wifi alipigwa siku ya kwanza, Mama Gramu siku ya pili. Mume alirudi kukunja uso, akanywa.

Mama Gramu alioka mkate wa mbegu, akaufunga kwa karatasi safi, akaupeleka duka la dawa. Hakuwa fundi wa maneno matamu, na alilijua hilo. Aliuweka juu ya meza.

"Huu ni wako. Nilikuambia hakuna, na wewe ukauliza tena. Ungeniamini, leo ningekuwa mjane. Ahsante."

Mfamasia alivua miwani iliyoshika mvuke wa mkate wa moto, akaifuta. "Wengi husema hakuna," alisema. "Hawadanganyi. Wanadhani sijauliza kuhusu hicho. Uliposema mwenyewe kwamba ni wewe uliyeweka mzizi, ulinisaidia kuliko unavyodhani. Wengine humtupia mama mkwe."

"Nilikaribia," alisema Mama Gramu.

Asubuhi mume aliporuhusiwa kurudi tanurini, hawakufanya sherehe. Wifi alifungua dirisha kama kawaida, mama mkwe alikaa kwenye kiti chake na skonzi zake. Mume aliingiza koleo refu la mbao ndani ya moto, akalivuta, akanyanyua trei mbili kwa pamoja. Mikono haikutetemeka. Akageuka, amesimama na mikate yake inayofuka, jasho linamtiririka, akapaza sauti hata paka wa jirani akaruka ukuta.

"Nani amekaa katikati ya njia yangu? Mnataka niwapitishe juu ya vichwa?"

Mama mkwe aliinamia skonzi. Chozi likadondoka kwenye unga, likafuatwa na lingine, naye akaendelea kuviringa kama haoni.

"Mama, sogea hapo," alisema Mama Gramu. "Machozi yana chumvi."

Mama mkwe alicheka huku analia, akasogeza kiti. Mama Gramu naye alikwenda kwenye magunia, akageukia ukutani, akasimama hapo kwa muda akijifanya anatafuta mfuko ulio wazi. Kisha akajifuta uso kwa mkono wenye unga, akarudi kuchukua trei ya kwanza mikononi mwa mumewe, maana nje watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni.